Vumbi la Bujumbura halifutwi na kila kitambaa

BUJUMBURA

MVUA za Mei zikishakatika, Bujumbura hubadilika rangi. Majani ya miembe huvaa wekundu, mabati hufifia, na katika mitaa ambayo barabara zake nyingi bado ni za udongo, kama Kinama, Kamenge na Buterere, kila gari linalopita huacha wingu nyuma yake. Warundi huyaita majira haya impeshi. Huanza Juni na kusogea mpaka Septemba, na kwa miezi yote hiyo kuna kazi moja isiyokwisha ndani ya nyumba: kufuta vumbi.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, hiyo ni habari ya biashara. Kitambaa cha vumbi ni bidhaa nyepesi. Hakiozi, hakivunjiki, na dazeni kumi zinabanwa kwenye begi moja la mgongoni. Hata mwenye mtaji mdogo anaweza kuanza nacho, na wapo wengi wanaoanza hivyo. Tatizo ni kwamba hununuliwa kwa macho. Mnunuzi anafika Kariakoo, anaona rangi zinazong'aa na bei inayovutia, anafunga mzigo. Mteja wa Bujumbura hatumii macho. Yeye hutumia kidole: siku ya pili anakipitisha juu ya kabati, akikuta mstari wa vumbi amekwishatoa hukumu, na hukumu hiyo inafika kwa jirani kabla ya jioni.

Hukumu ya namna hiyo inauma zaidi hapa kuliko katika miji mingine ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sababu yake ni faranga. Anayeagiza kutoka Tanzania au Uganda anauza kwa faranga za Burundi, kisha anarudi kutafuta shilingi au dola ili anunue tena. Pengo kati ya bei ya dola benki na bei yake mtaani limekuwa donda la wafanyabiashara wa Burundi kwa miaka. Mei 2023 Benki Kuu ya nchi hiyo, BRB, iliposhusha thamani ya faranga, dola kwa bei rasmi ilipanda kutoka karibu faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800 kwa mkupuo mmoja. Mzigo unaolala mezani miezi minne haulali bure. Kila siku inayopita unanunua dola chache zaidi.

Chukua mfano wa mtu mwenye dola 200. Bidhaa yake ikitoka haraka akazungusha mtaji mara tatu katika kiangazi kimoja, hata kwa faida ndogo ya asilimia 15 kila mzunguko atamaliza msimu akiwa na kama dola 304. Mwenzake aliyechagua vibaya, nusu ya mzigo ikakwama tangu safari ya kwanza, anabaki na dola 115 mkononi na gunia la rangi za upinde wa mvua chini ya kitanda. Tofauti ya hao wawili haikutokana na bidii. Ilianzia siku ya kununua, kwa mmoja kujua vumbi analokwenda kupambana nalo na mwenziwe kutojua.

Vumbi si moja

Bujumbura imekaa kwenye uwanda wa Imbo, kati ya ziwa na milima inayopanda kuelekea Gitega. Upande wa kaskazini na magharibi uwanda huo unaungana na bonde la Rusizi, lenye udongo mwepesi na mchanga uliobebwa na mito. Kiangazi upepo unaounyanyua mchanga huo hauchagui kati ya jumba la Kiriri na chumba cha kupanga cha Buyenzi.

Mchanga ndio wa kuogopa. Ndani ya vumbi la barabarani mna chembe za kwatzi, madini ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs yako kwenye 7, wakati kioo cha kawaida kiko kati ya 5 na 6. Kwa lugha ya sebuleni, chembe moja ya mchanga ina uwezo wa kuchora kioo cha dirisha, sembuse vanishi ya kabati au uso wa televisheni bapa. Kitambaa kikavu kikisukumwa kwa nguvu juu ya vumbi la namna hii kinageuka msasa. Mikwaruzo haionekani siku ya kwanza. Inaonekana baada ya mwezi, taa ikiwashwa, na lawama humwangukia mfanyakazi wa nyumbani, ambaye kitambaa alipewa tu.

Jikoni kuna vumbi la aina nyingine kabisa. Nyumba nyingi za mji huu hupikia makaa, na majivu yake ni laini kiasi kwamba mkono ukiyapitia juu yanaruka kabla hujayagusa. Yakikutana na mvuke wa mafuta, hasa mawese, yanaganda kwenye rafu na kwenye waya za dirisha kama rangi ya pili. Hapo hakuna kitambaa kikavu kinachosaidia, kiwe cha bei gani. Panatakiwa maji ya vuguvugu, sabuni, na tambara ambalo mtu hana uchungu nalo.

Halafu lipo vumbi la chumbani: nyuzi za mablanketi, nywele, ngozi ya mwili inayopukutika, na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi humo. Hili ndilo linalowakosesha usingizi wenye pumu. Ukilitimua tu, linapaa, linaning'inia hewani kwa muda, kisha linatua palepale, sehemu yake ikiwa imeshapita puani mwa watu.

Ukishayajua hayo, swali la kumuuliza mwenye duka la jumla ni moja: kitu hiki kinashika vumbi, au kinalihamisha?

Manyoya ya rangi

Bidhaa inayovuta macho kuliko zote ni ufagio wa manyoya, ule wa mpini mwembamba na kichwa kinene cha nyuzi za plastiki za rangi nyingi. Kwa Kifaransa, lugha ambayo wauzaji wengi wa Bujumbura huitumia kwa vyombo vya nyumbani, manyoya hayo huitwa plumeau. Ni rahisi, yanapendeza yakining'inizwa mbele ya duka, na watoto huyapenda.

Kazi yake inategemea umeme tuli. Nyuzi zile zikisuguliwa au zikizungushwa kwa kasi kwenye viganja hupata chaji kidogo inayovuta chembe nyepesi. Kwa vitu vidogo vyepesi vilivyopangwa rafuni, kama fremu za picha na maua ya plastiki, kwenye nyumba iliyofungwa vizuri, yanafanya kazi kiasi. Kwa mchanga wa impeshi hayafui dafu. Chembe nzito hazishikwi na chaji ndogo kama ile. Zinasukumwa kutoka rafu ya juu mpaka ya chini, na kutoka hapo mpaka kwenye kochi. Mtu anayefuta anaona rafu imekuwa safi na kuridhika. Nusu saa baadaye vumbi limerudi.

Manyoya ya kweli yanatofautiana pia, na tofauti hiyo ina bei. Ya mbuni ndiyo bora, kwa kuwa kila unyoya una vijinyuzi vingi laini visivyoshikana, na vumbi hujificha katikati yake. Afrika Kusini, hasa eneo la Oudtshoorn, imeyauza duniani kwa zaidi ya karne moja, kwanza kwa kofia za mabibi wa Ulaya, na siku hizi pia kwa fagio za vumbi. Ya kuku ni magumu na vijinyuzi vyake vimeshikana kama bati, kwa hiyo hupeperusha kuliko kukamata. Anayeuziwa ya kuku yaliyopakwa rangi kwa bei ya mbuni ameibiwa, na njia ya kumjua mwizi ni rahisi: unyoya wa mbuni ukiushika wima ncha yake inalegea na kuinama, wa kuku unasimama.

Je, usibebe kabisa? Beba machache. Yapo maduka ya mjini kati na nyumba za Rohero na Kinindo zenye vinara vya taa na sanamu za mbao zenye mitobo ambazo kitambaa hakifiki. Lakini atakayejaza begi kwa manyoya ya plastiki mwezi wa Juni, kwa sababu tu dazeni ilikuwa rahisi, anabeba bidhaa ya pambo kwenda kwenye mji wenye vumbi la kazi.

Maikrofaiba ya kweli na ya jina

Bidhaa iliyobadilisha biashara hii ni maikrofaiba. Jina hilo lina maana maalumu: uzi mwembamba chini ya denieri moja, yaani uzi ambao ukivutwa kilomita 9 bado hauzidi gramu moja. Nyuzi bora ni mchanganyiko wa poliesta na poliamidi, mara nyingi 80 kwa 20, na wakati wa kutengenezwa hupasuliwa ili kila mmoja uwe na kingo na mifereji. Mifereji hiyo ndiyo inayokamata vumbi na kunyonya maji. Uzi usiopasuliwa hauna mifereji; ni poliesta ya kawaida iliyopewa jina kubwa.

Sokoni zote mbili zinafanana. Zina rangi ileile na ulaini uleule, na mara nyingi lebo ileile. Wazoefu wana njia mbili za kuzitenganisha, wala hawahitaji maabara. Ya kwanza ni kiganja: pitisha kitambaa taratibu kwenye ngozi kavu. Iliyopasuliwa inakwama kidogo kwenye mikwaruzo ya mkono, kama inayokushika, na wengine huwasisimua vibaya. Isiyopasuliwa inateleza. Ya pili ni maji. Mwaga kijiko kimoja mezani, weka kitambaa juu, usikisukume. Kile cha kweli kinayanywa. Cha bandia kinayasukuma pembeni na kuacha michirizi. Mwenye duka anayekataa jaribio la kijiko cha maji amejibu swali.

Uzito nao useme. Kwa biashara hii hupimwa kwa gramu kwa mita moja ya mraba. Kitambaa cha gramu 200 kinatosha vioo na televisheni. Cha 300 na kuendelea ni kizuri kwa samani na kazi nzito. Duka la jumla lisilojua uzito wa linachouza lina mizani, na mita za kitambaa zinahesabika.

Uzuri wake mkubwa kwa Bujumbura ni kwamba kinafuta kwa maji kidogo sana. Katika mtaa ambao bomba hutoa maji usiku tu na ndoo zinahesabiwa, kitambaa kinachohitaji kuloweshwa nusu kikombe kina thamani ambayo mteja wa mji wenye maji tele hawezi kuiona.

Ubaya wake ni ufuaji, na hapa ndipo wauzaji wengi huharibu jina lao bila kujua. Maikrofaiba haipendi maji yanayochemka, wala jiki, wala dawa ya kulainisha nguo, ambayo huziba mifereji ya uzi. Ikifuliwa pamoja na taulo za pamba inajaza vinyweleo na kesho yake inaviacha kwenye kioo. Inafuliwa peke yake, kwa sabuni kidogo, inaanikwa kivulini. Muuzaji asiyeyasema haya wakati wa kupokea pesa ataletewa kitambaa baada ya wiki tatu, kimekakamaa, na mteja akidai kuwa ni cha bandia.

Pamba, na kiwanda kilichonyamaza

Kabla ya hayo yote kulikuwa na pamba, na katika mji huu pamba si neno la dukani tu. Uwanda wa Imbo ulilima zao hilo tangu enzi za ukoloni. Lilichambuliwa na COGERCO, kampuni ya umma ya pamba, na Bujumbura ikawa na kiwanda chake cha nguo, COTEBU, kilichojengwa kwa msaada wa China. Vitambaa vilivyofumwa hapa vilivaliwa, vikachakaa, vikachanwa, vikafutia meza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2006, na baadaye kikachukuliwa na Afritextile. Jina la COTEBU limebaki kwenye midomo ya watu kwa sababu ya soko: baada ya Soko Kuu la Bujumbura kuteketea kwa moto Jumapili ya Januari 27, 2013, wafanyabiashara walitawanyika, na soko la Ngagara wanaloliita la Cotebu likawa miongoni mwa waliyokimbilia. Wengine walikwenda Ruvumera, Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambako muuzaji na mteja bado hupatana bei kwa Kiswahili.

Mteja wa Ruvumera hatafuti maikrofaiba kwanza. Anatafuta pamba iliyokwishalainika. Na kwa kweli hajakosea: fulana ya pamba iliyofuliwa mara hamsini, au flana, au kipande cha taulo la zamani, ikiloweshwa na kukamuliwa mpaka isidondoke, inashika vumbi la mchanga vizuri kuliko nusu ya vitu vyenye mpini vinavyouzwa jirani yake. Kinachofanya kazi ni ule unyevu. Vumbi likilowa haliruki, na mchanga unabebwa badala ya kuburuzwa. Pamba mpya haifanyi hivyo siku ya kwanza, kwa kuwa huja na wanga wa kiwandani, ifuliwe kwanza.

Kwa hiyo mitumba ya Dar es Salaam, mivumba ya Kampala au caguwa ya Kigali, vyovyote unavyoiita kwenu, ni ghala la vitambaa vya vumbi. Fulana zisizouzika kwa sababu ya doa au tundu zikikatwa miraba, zikaondolewa vifungo, zipu na maandishi ya mpira, zikafungwa kumi kumi, huwa bidhaa yenye mteja. Mafundi gereji huzinunua, wapaka rangi huzinunua, hoteli pia, na kwenye kiangazi wake wa nyumbani huwapita wote.

Hatari ni kuchanganya nyuzi. Poliesta haina kiu. Inaburuza vumbi na kuteleza juu ya maji. Kuijua, chomoa uzi mmoja kwenye mshono uuwashe kwa kiberiti, mbali na rundo. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, na kuacha majivu yanayosagika kwa vidole. Poliesta inajikunyata, inayeyuka na kuwa ushanga mgumu mweusi. Mchanganyiko unafanya yote mawili. Anayenunua robota kwa ajili ya kukata vitambaa bila kuchoma uzi hata mmoja ananunua bahati nasibu.

Kila kazi na chake

Nyumba ya kawaida ya Bujumbura haihitaji vitu kumi. Inahitaji vinne au vitano vilivyochaguliwa vizuri, na muuzaji anayeviuza pamoja kama fungu humaliza mzigo kabla ya anayeuza kimoja kimoja.

Samani za mbao zenye vanishi: pamba laini yenye unyevu, kisha nyingine kavu kufuatia, kwa kuwa maji yakikaa huacha weupe. Televisheni na simu: maikrofaiba nyembamba, safi, kavu, bila sabuni wala spiriti wala karatasi, na isiwe ileile iliyofuta meza, maana itakuwa na mchanga. Vioo vya madirisha: maikrofaiba na maji matupu. Waya wa mbu ni kazi ya brashi laini, sio kitambaa, kwa sababu kitambaa huingiza vumbi kwenye matundu na kuuvuta waya mpaka ulegee. Dari, feni na utando wa buibui vinataka mpini mrefu, na hapo ndipo manyoya yanapata heshima yake, mradi kichwa chake kiwe kinaweza kuchomolewa na kufuliwa. Vitambaa vya kufuma vilivyotandikwa juu ya makochi havifutwi. Vinatolewa nje na kukung'utwa, upande ambao upepo hautarudisha vumbi mlangoni.

Mpangilio wa kazi nao unauza. Wengi hufuta meza kwanza kisha wanafagia, na ufagio mkavu unarudisha juu kila kilichokuwa chini. Akina mama wa ukanda huu walishaipatia dawa zamani: maji kidogo yananyunyizwa sakafuni kwanza, panafagiliwa taratibu, panaachwa patulie, ndipo kitambaa kinaanza juu na kushuka. Muuzaji anayelieleza hili kwa mteja mpya anamuuzia kitambaa na ufagio kwa maelezo mamoja.

Tena rangi za vitambaa zina kazi kuliko mapambo. Kimoja cha choo, kimoja cha jikoni, kimoja cha sebule, na wasibadilishane. Dazeni yenye rangi tatu au nne inauzika vizuri kuliko dazeni ya rangi moja, hasa kwa hoteli na zahanati.

Mpakani, jina ndilo ushuru

Kuna kosa linalorudiwa Kobero, Mugina na bandarini, nalo linatokana na dhana kwamba kitu kilichonunuliwa Tanzania ni cha Tanzania. Hati rahisi ya uasili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayowasaidia wenye mizigo isiyozidi dola 2,000 kutolipa ushuru wa forodha, ni ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Burundi imo tangu Julai 1, 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu 2022. Kitambaa cha maikrofaiba kilichotoka China kikauzwa Kariakoo hakikugeuka kuwa cha Afrika Mashariki kwa kupewa risiti ya Kariakoo. Hata kukata na kufungasha upya hakutoshi, kwa kuwa kanuni za uasili hazizihesabu shughuli nyepesi za namna hiyo. Fulana ya mtumba iliyokatwa miraba Kigoma bado ni mtumba wa ng'ambo.

Kinachopita kwa hati hiyo ni kile ambacho wengi hukidharau. Ufagio wa njukuti za mchikichi, mti unaojaa Kigoma na upande wa Rumonge, ni zao la hapa kuanzia jani hadi kamba. Ufagio wa majani, brashi ya nyuzi za mkonge, tambara la pamba iliyolimwa na kufumwa ndani ya Jumuiya: hizi ndizo zenye haki ya msamaha, ingawa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Burundi ni asilimia 18, ni jambo jingine na haifutwi na hati ya uasili.

Jina la bidhaa kwenye karatasi nalo lina uzito. Mwenye begi akiandika "vitambaa" tu, ofisa wa OBR, mamlaka ya mapato ya Burundi, ana uhuru wa kuuliza ni vitambaa gani, na jibu lisipokuwepo mzigo unasubiri. Vitambaa vilivyoshonwa kwa ajili ya kufutia vumbi, vyombo na sakafu vina namba yao ya forodha, 6307.10. Fagio, brashi na manyoya ya vumbi vimo katika 9603. Nguo za mitumba ni 6309, na matambara chakavu ni 6310. Mitumba hulipiwa ghali katika Jumuiya: ushuru wa pamoja umewekwa asilimia 35 au senti 40 za dola kwa kilo, kinachozidi kati ya hivyo viwili. Robota la vitambaa vipya likisomwa kama mitumba kwa sababu tu ya maelezo ya ovyo, faida ya msimu imekwisha hapohapo kaunta.

Anayetoka Kampala aongeze jambo la njia. Tangu Burundi ilipofunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, barabara fupi ya Kigali si ya kutegemea. Mzigo huzunguka Mutukula, Kagera, mpaka Kobero, na nauli ya mzunguko huo inaila bidhaa nyepesi ya faida ndogo kuliko inavyoila bidhaa ya thamani. Kwa Uvira, kama kilomita 25 kutoka Bujumbura kupitia Gatumba, wateja wanafanana na wa Bujumbura, kwani vumbi la bonde la Rusizi ni lao wote. Lakini hali ya usalama huko imekuwa ikibadilika, na mwenye busara huuliza habari za mpaka asubuhi ya safari, si wiki iliyotangulia.

Wakati wa kununua

Mzigo unaotakiwa kuwa mezani Juni hununuliwa Aprili au Mei. Kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura ni karibu kilomita 1,500 za barabara, na Burundi imekuwa na vipindi virefu vya uhaba wa mafuta ambavyo vimefanya siku za safari zisihesabike. Aliyeagiza Juni anafika Julai, na kufikia hapo wenye nyumba wameshanunua. Kwa mtaji mdogo, hesabu inayoonekana kufaa Bujumbura ni kuweka nusu kwenye pamba, theluthi kwenye maikrofaiba iliyopita jaribio la maji, na kinachobaki kwenye mipini mirefu, brashi, na manyoya machache ya kuning'iniza mbele ili wapita njia wasimame.

Mvua zikirudi, kuelekea mwisho wa Septemba, meza zinageuzwa. Vumbi limekuwa tope, na mteja yuleyule anauliza matambara mazito ya sakafu na raclette, ule mpini wenye mpira wa kusukumia maji ambao kila nyumba yenye vigae mjini hapa inao. Wenye uzoefu hufunga vitambaa vya vumbi vilivyobaki kwa dazeni, huviweka chini ya meza ambako panya hawafiki, na kuzisimamisha raclette mbele.